Utepe wa Njano Kwenye Adapta

Shule inapofungwa saa nane na nusu mchana, wenzangu huenda kucheza mpira na mimi huenda ofisini. Usinionee wivu bado. Ofisi si yangu, ni ya mjomba, na hata mjomba si yake. Amekodi meza moja tu, ya tatu kutoka dirishani, katika jengo la milango ya vioo ambako watu wasiojuana hukaa mstari mmoja, kila mtu na kompyuta yake, kila mtu na kesi yake. Mama hurudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo alimwamuru kaka yake kwamba nisionekane nikizurura barabarani. Nikawa nafanyia kazi za shule kwenye kona ya meza yake, huku nikizungusha kiti mpaka ubongo unaomba msamaha.

Pale ni raha mustarehe. Mlango hufunguliwa kwa kadi. Ukimaliza chai unaacha kikombe papo hapo. Ukigeuka, kikombe kimeshaondoka, na kesho yake kipo kabatini kinang'aa. Siku moja nilisahau rula. Dada wa Mapokezi, ambaye hutembea kama sakafu ni ya mayai, aliitia kwenye bahasha, akaandika juu "mpwa wa meza ya tatu", akanikabidhi kwa mikono miwili kama hati ya kiwanja. Ndivyo nilivyoanza kuamini kwamba kitu ukikiacha mezani, dunia nzima inakaa macho kukilinda. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Watu huniita Upupu. Nilibatizwa hivyo darasa la nne, kwa sababu mtu akinigusa hujikuna wiki nzima. Sikulipinga jina hilo. Nililifanyia kazi.

Nyumbani tunaishi na bibi mzaa mama. Bibi ana kidonda kwenye kifundo cha mguu, na kila Jumatano asubuhi muuguzi wa zahanati huja kukisafisha na kukifunga. Shida ni masikio. Sikio lake la kushoto limestaafu, na la kulia linafanya kazi kwa kujitolea. Jumatano mbili mfululizo muuguzi aligonga, akagonga tena, akaondoka akidhani hakuna mtu, wakati Bibi amekaa ndani anamsubiri yeye huyo huyo. Simu tulimpa, akaiweka chini ya mto isiibiwe. Tulimwomba aache mlango wazi, akasema hataki kusikia habari hizo, na hapo masikio hayakuhusika.

Muuguzi alimwambia mama kwamba akikuta kimya mara ya tatu, nafasi ya Bibi atapewa mgonjwa mwingine. Mama akaomba ruhusa kazini abaki kumfungulia Jumatano asubuhi, lakini ruhusa ilikuwa ya wiki tatu tu. Maana yake Bibi angepanda kilima mpaka zahanati, kwa mguu ule ule wenye kidonda, akakae kwenye benchi na watu hamsini.

Basi nikaamua kutengeneza taa. Mgeni anabonyeza kitufe mlangoni, na taa mbele ya kiti cha Bibi inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mpaka aione. Mchoro niliutoa kwenye kitabu cha sayansi. Nilianza kulehemu nyaya palepale kwenye meza ya mjomba, na moshi wa kwanza tu ulipopanda, Dada wa Mapokezi akawa amefika, safari hii bila kujali mayai. Alinieleza kwa upole kwamba wateja wengine wanakohoa, na kwamba mjomba wangu alikodi meza, hakukodi tanuri. Kisha akaninong'oneza nivuke barabara, kwenye ile iliyokuwa ghala ya magodoro. Huko, alisema, watu huunguza mpaka nyusi zao na hakuna anayelalamika.

Nikavuka. Nilikuta mlango wa bati, na ndani meza moja kubwa, misumeno ukutani, mashine za kutoboa, redio zilizofunguliwa matumbo, na cherehani ndogo iliyokuwa ikitetemeka kona ya kulia. Nilisimama mlangoni nikisubiri kuhudumiwa. Nilisubiri sana. Mwishowe nikamfuata mzee mmoja aliyefunga miwani yake kwa waya, ambaye wote humwita Fundi Redio, nikamuuliza mwenye mahali hapa ni nani.

Akanipa ufagio. "Mwenyewe ndiye wewe," akasema. "Anzia ile kona."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Karakana ile haina bosi, haina mapokezi, haina mteja. Vifaa vimenunuliwa na wanachama au vimeletwa na mmoja wao kutoka nyumbani. Anayejua humfundisha asiyejua, na kufagia ni kwa zamu. Kila Jumanne saa kumi wanachama huketi juu ya ndoo zilizopinduliwa na kuamua mambo yote, hata sukari ya chai. Baada ya wiki tatu za kufagia na kujifunza, mama akaja, akakagua kila kona, akasaini karatasi, na mimi nikapewa ufunguo wangu mwenyewe. Ofisini kwa mjomba sikuwahi kupewa hata ufunguo wa choo.

Siku hiyo Fundi Redio alinikaririsha mambo mawili. La kwanza, ukimaliza kulehemu chomoa umeme. La pili, kitu unachokiacha kwenye meza kubwa lazima kibandikwe utepe wenye jina na tarehe. Usafi wa Jumamosi asubuhi ukifika, kisicho na utepe hutiwa kwenye kreti moja jeusi wanaloliita Makaburini, na kuanzia hapo ni vipuri vya yeyote. Nilirudia maneno hayo kama kasuku, yaani kwa mdomo tu. Kule ng'ambo ya barabara nilishazoea matangazo ukutani. Huwa ni mapambo.

Sasa nikutambulishe kwa adui yangu. Anaitwa Pweza, tunasoma darasa moja, naye ni mwanachama wa karakana tangu mwaka jana. Tulimpa jina hilo kwa sababu mikono yake ipo kila mahali. Yeye ni wa kupima kila kitu. Ungempa chai angeitumbukizia kipima volti kabla ya kunywa. Mimi nikipata tisini, yeye hupata tisini na moja, na nina hakika ile moja huwa anaenda kuiombea nyuma ya ofisi ya walimu.

Ijumaa jioni nikamaliza taa ya Bibi. Niliibonyeza mara ishirini, ikawaka mara ishirini. Nikaiacha katikati ya meza kubwa, peupe, kila mtu aione, nikaenda nyumbani nikimwahidi Bibi kwa sauti ya mnadani kwamba Jumatano hatakosa mgeni wake.

Jumamosi mchana, nilipomaliza kufua, nikaenda kuichukua. Sikuikuta. Nikalikuta sanduku lake tupu kwenye kreti jeusi. Taa yenyewe na swichi yake vilikuwa mezani mbele ya Pweza, vimeshaungwa kwenye kengele yake ya tangi la maji, ile aliyokuwa akiitengenezea maonyesho ya sayansi.

"Hiyo taa ni ya bibi yangu," nikamwambia.

Hakuinua hata macho. "Bibi yako alikuwa anafanya nini Makaburini?"

Watu wawili wakacheka. Nikamweleza kwamba nimeitengeneza kwa wiki tatu. Akauliza kama ilikuwa na utepe. Nikatazama sanduku tupu.

"Basi imekufa kihalali," akasema. "Mimi ni mrithi tu."

Safari hii wakacheka watu wanne, na mmoja alikuwa Fundi Redio mwenyewe, ingawa alijifanya anakohoa. Nilidai kumwona meneja. Fundi Redio akageuka nyuma kutazama kama yupo mtu wa namna hiyo. Nilidai picha za kamera, akaniambia kamera ipo, imefunguliwa, inangoja lenzi. Kisha akaacha mzaha. Alinieleza kwamba kanuni ni ile ile kwa wote, lakini vipuri havijaisha duniani. Nije Jumatatu saa kumi, atanisaidia, na kwa jioni mbili tutakuwa tumeunda taa nyingine nzuri kuliko ile.

Nilisikia maneno hayo yote. Kilichobaki kichwani ni kicheko.

Nilivuka barabara nikamlilia Dada wa Mapokezi. Alinipa karatasi laini ya kufutia machozi, akasema kwao jambo kama hilo lina fomu yake, na meneja angepiga simu ndani ya siku tatu. Nikawaza kwamba fomu ni nzuri, ila haiumizi mtu. Mimi nilitaka mtu aumie.

Jumapili nilishinda na daftari la hesabu. Nililipindua nyuma, nikaandika orodha ya mambo ya kumfanyia Pweza. Gundi kwenye ndoo yake, nikafuta, ni utoto. Kutoa upepo kwenye baiskeli yake, nikafuta; angeujaza. Nilitaka kengele yake iungue mbele ya macho yake, itoe moshi, iniache mimi nikiuliza kwa upole kama naye alisahau utepe. Nilijikuta natabasamu peke yangu. Bibi akaniuliza kutoka kitini kwake kinachonifurahisha ni nini. Nikamjibu kwa sauti kwamba ni hesabu. Akasema vizuri sana mjukuu wangu, elimu ndiyo hiyo. Mguu wake ulikuwa juu ya kigoda, na bandeji ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai. Niliiona. Nikarudi kwenye orodha yangu.

Jibu nililipata kwenye ukuta wa adapta. Karakanani kuna misumari mistari mitatu, na adapta zimening'inia kama popo. Fundi Redio alizikusanya mbovu mbovu, akazifufua, na zote akazifungia kichwa cha aina moja ili ziingie kwenye kila kifaa. Kinachozitofautisha ni utepe. Wa kijani ni volti tano, wa njano kumi na mbili, mwekundu ishirini na nne. Mtu akitaka adapta hanyanyui kichwa kuuliza. Anachukua rangi yake kama unavyochukua kijiko jikoni kwenu. Kengele ya Pweza ilikuwa ya volti tano.

Jumatatu nilifika saa tisa, saa nzima kabla ya ahadi ya Fundi Redio. Hapakuwa na mtu. Nikafungua kwa ufunguo wangu, ule ule niliopewa kwa kuaminiwa. Nikabandua tepe za kijani, nikazihamishia kwenye adapta za volti ishirini na nne, na nyekundu nikazibandika kwenye za volti tano. Hapo ningeacha. Lakini hasira yangu ilikuwa imeshateremka mlima bila breki, nikaona hata rangi ya njano nayo isibaki salama, nisije nikaambiwa nimefanya kazi nusu. Nikavuruga na hizo, nyingine zikaangukia kwenye za ishirini na nne. Dakika kumi na mbili tu, na ukuta ukawa unadanganya kutoka msumari wa kwanza hadi wa mwisho.

Saa kumi kamili Fundi Redio akaingia na mfuko. Alikuwa ameniletea vipuri vya taa ya Bibi kutoka nyumbani kwake, vyote isipokuwa taa yenyewe. Nikamwambia nina kazi nyingi za shule, naondoka. Alinitazama juu ya miwani yake ya waya. Akaandika "Upupu" na tarehe kwenye utepe, akabandika juu ya mfuko, akauweka mezani. Jumatatu ile ningekuwa nimemaliza nusu ya taa. Badala yake nilikwenda nyumbani nikiwa nimemaliza kisasi changu chote.

Jumanne nilikuwa wa kwanza kufika. Nilichagua ndoo iliyotazama meza ya Pweza, nikafungua kitabu nisichokisoma, nikasubiri moshi. Pweza aliingia, akaanza kukaza skrubu za kengele yake, polepole kama bwana harusi anayefunga tai. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Aliyeingia baada yake ni Mama Mikoba, mwenye ile cherehani ndogo ya mota. Hushona mikoba ya shule, na wiki hiyo alikuwa na mikoba kumi na miwili ya watoto iliyotakiwa Alhamisi. Adapta yake ilikuwa imekufa asubuhi hiyo. Alipita mbele yangu, akanisalimia, akanyoosha mkono ukutani akachukua yenye utepe wa njano. Hakuitazama mara mbili.

Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kulisema, kwa sababu kabla ya kuchomeka alisimama kwanza kutunga uzi. Lakini kusema kungemzindua Pweza, na Pweza alikuwa bado hajachukua ya kijani. Nikameza neno.

Cherehani ilianza kwa mlio ambao sijawahi kuusikia. Sindano ilikimbia kama imefukuzwa na nyuki, ikashona mkanda wa mkoba, ikashona mfuko, ikashona na mkono wa gauni la Mama Mikoba juu yake. Alipofika kwenye swichi, mota ilikuwa imeshatoa moshi mweusi na harufu ya mpira ulioungua. Kisha kimya. Mama Mikoba akabaki ameunganishwa na mkoba kwa uzi wa buluu, anaitazama mashine yake kama mtu aliyezirai mbele yake.

Pweza alikuwa wa kwanza kuruka, na kipima volti mkononi bila shaka. Akapima adapta ile. Ishirini na nne. Akapima ya kijani. Ishirini na nne. Akapima nyekundu, akakuta tano. Karakana nzima ilikuja ukutani, na swali likawa moja: nani aliyebandika tepe hizi?

Watu walikumbuka haraka. Katika usafi wa Jumamosi, kazi ya kubadilisha tepe zilizochakaa alipewa mtu wa kupima kila kitu.

Mkutano ulianza saa kumi, na zamu ya kuuongoza ilikuwa ya Fundi Redio. Alisema kanuni ni ngumu lakini ni fupi: anayebandika ndiye anayejibu. Watu wanashika nyaya hapa kwa kuamini rangi. Leo imeungua mota, siku nyingine utaungua mkono. Mwenye kosa la namna hii hukabidhi ufunguo mpaka mkutano utakapomrudishia. Kila jicho lilikuwa kwa Pweza.

Hebu fikiria utamu wake. Sikuhitaji hata moshi. Angepoteza ufunguo, kengele yake ingebaki ndani bila kumalizika, na maonyesho yangempita. Yote hayo kwa kukaa juu ya ndoo na kufunga mdomo. Nilikuwa nimepata kisasi kikubwa kuliko nilichoagiza.

Pweza akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nilizipima zote," akasema. "Lakini naona nilichanganya. Nimekosea. Mama, nisamehe, nitakutengenezea."

Tangu darasa la nne nilikuwa nangoja kumsikia Pweza akisema amekosea. Nilikuwa nimepanga siku hiyo nitacheka mpaka niombewe maji. Sasa amesema, mbele ya watu, na halikuwa kosa lake. Nilihisi kama mtu aliyetangazwa wa kwanza kwa mtihani wa kuibia.

"Hakuchanganya yeye," nikasema. "Ni mimi."

Wakadhani namtetea, jambo ambalo liliniudhi kuliko yote. Ikabidi nieleze moja baada ya jingine: saa tisa ya Jumatatu, kijani kwenda wapi, nyekundu kwenda wapi, na njano niliivuruga kwa sababu gani, yaani bila sababu. Nikasema pia kwamba nilimwona Mama Mikoba akitunga uzi, nikanyamaza. Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama mtu.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Wakakubaliana kwa kunyoosha mikono kwamba nikabidhi ufunguo mpaka mwisho wa mwezi unaofuata, nipime na kubandika upya kila adapta, na nitengeneze mota niliyoiunguza, hata kama itachukua likizo yangu yote. Pweza akarudishiwa wake. Nilivua ufunguo, nikauweka mezani, nikasema kitu kimoja ambacho sikuwa na haki ya kukisema.

"Kesho ndiyo Jumatano ya muuguzi."

Wote walijua habari ya Bibi, maana nilikuwa nimeitangaza wiki tatu. Fundi Redio akasema asiye na ufunguo haruhusiwi kufanya kazi ndani, ila akiwepo mwanachama aliye tayari kukaa naye na kumjibia. Akawatazama. Watu wakachunguza viatu vyao. Nisingewalaumu.

"Nitakaa naye mimi," akasema Mama Mikoba. Alikuwa bado ana kipande cha mkoba kinaning'inia mkononi. "Mashine yangu imeungua, kwani nina pa kwenda?"

Tukakaa. Fundi Redio alitoa mfuko wake wenye jina langu. Ilipobaki taa yenyewe, Pweza akachomoa ile aliyokuwa ameiweka kwenye kengele yake, akaisukuma mezani bila kunitazama. Akasema nisimshukuru, yeye anataka tu kuona kama najua kulehemu, kwa sababu viungo vyangu vya kwanza vilikuwa kama kinyesi cha kuku. Fundi Redio akamgeukia.

"Kanuni ilikuruhusu kuchukua," akamwambia. "Haikukutuma kumcheka."

Masikio ya Pweza yakawa mekundu mara ya pili siku hiyo, na mara hii nilifaidi kwa dhamiri safi. Adapta ya volti tano niliipima mara tatu. Jua lilipokuwa bado juu ya mapaa, taa ikawaka na kuzima, na Mama Mikoba akanisindikiza nyumbani. Mama akapigilia kitufe mlangoni na taa ukutani mbele ya kiti cha Bibi. Kisha nikamweleza mama yaliyotokea, yote. Hayo mazungumzo nitayabakiza nyumbani kwetu.

Jumatano mchana nilipotoka shule sikupita ofisini wala karakanani, nilikimbia moja kwa moja kwa Bibi. Mguu ulikuwa juu ya kigoda, bandeji nyeupe kabisa. Akaniambia taa ilimwangazia usoni asubuhi mpaka akadhani ni radi imeingia ndani, na muuguzi alicheka, akambonyezea mara tatu za ziada kwa kufurahia tu. Kidonda kimeanza kufunga. Atakuja wiki ijayo.

Mota ilituchukua hadi Jumamosi. Nasema ilituchukua, kwa sababu Pweza alijileta mwenyewe, akidai anakagua. Mikoba ya watoto ilichelewa siku tatu, na Mama Mikoba alinituma mimi nikawaeleze wazazi kwa nini, mmoja baada ya mwingine, kwa mdomo wangu. Mpaka leo kuna baba mmoja nikimwona mbali huwa nahama njia.

Jumamosi hiyo mashine ilipoanza kuzunguka vizuri, Pweza akaenda kuosha mikono, nami nikabaki na Mama Mikoba. Nikamuuliza kwa nini alikubali kukaa na mimi siku ile. Alishona mshono mzima kabla ya kunijibu.

"Mjomba wako kule ng'ambo amekodi meza," akasema. "Akigombana na wa meza ya nne, kila mtu anafunga droo yake, na yupo anayelipwa kufagia baada yao. Pale ni pazuri, siwasemi vibaya. Lakini pale mtu ni mgeni, na vitu vina wenyewe. Hapa ulikuwa unatafuta kitu cha Pweza ukichome. Ungetafuta mwaka mzima. Ile adapta ilikuwa yangu, ilikuwa ya yule mzee, ilikuwa yako. Hakuna unachoweza kumharibia mmoja humu kikamfikia yeye peke yake."

Nikamwambia mota sasa imepona. Akatikisa kichwa.

"Mota ni kitu kidogo. Zamani nilikuwa nachukua adapta nikiwa naongea na mtu mwingine. Sasa napima kila moja. Hicho ndicho ulichokiunguza, mwanangu, na hakina kipuri. Kilianza kurudi siku ile ulipofungua mdomo mbele yetu na kusema kweli, wakati kunyamaza kulikuwa kunakulipa. Ndiyo maana nilikaa. Na hasira yako ilikuwa na haki yake. Siku nyingine ilete mkutanoni, uikalishe kwenye ndoo kama mwanachama mwingine, tuisikilize."

Nilikubali. Na kwa kuwa tulikuwa kwenye kusema kweli, nikaona nimalizie. Nikamwambia kwamba nimejuta yote, ila moja halijanitoka: bado nataka kumkomesha Pweza. Mwezi ujao, kwenye maonyesho, mbele ya shule nzima na wazazi, nataka taa yangu ishike nafasi ya kwanza, yeye ashike ya pili, na mimi nimpe mkono wa pole nikiwa natabasamu.

Mama Mikoba akakata uzi kwa meno, akaukagua mshono wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiyo ruksa," akasema. "Hiyo haiunguzi mashine ya mtu."